Fulu fremu au kropu? Mjomba wa Picha anajibu barua za Tanga

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu, nikasema mtu asiuze ng'ombe wa nyumbani ili anunue kamera ya fulu fremu (ile yenye kipande kikubwa cha kupokea mwanga, ya kipande kidogo ndo kropu), basi simu haijalala tangu siku hiyo. Kumbe Tanga mna wapiga picha karibu sawa na baiskeli. Wengine wamenitukana kidogo, sawa tu, nimezoea. Nimechukua barua nne, zile nyingine zinafanana na hizi kwa hiyo kila mtu ajitafutie yake humu ndani.

*Mjomba shikamoo. Mi napiga picha shughuli za wanawake hapa Ngamiani, kupamba, singo, na ukumbini upande wa akina mama ambako kameramani wa kiume haingii, kwa hiyo kazi alhamdulillah sikosi. Natumia Canon 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Tatizo usiku, picha zina chenga mpaka bibi harusi anaonekana kama kamwagiwa mchanga. Kuna kaka anauza Canon 6D ya mtumba, bodi tupu yaani bila lenzi, anasema fulu fremu haina chenga. Hela yangu inatosha bodi tu, nikiitoa sibaki na kitu. Ninunue? – Binti wa Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Usinunue, yaani bado. Ngoja nikueleze kwa nini, na huyo kaka asinichukie.

Sensa (sio ile ya 2022 ya makarani kugonga hodi kuuliza mmelala wangapi) ni kile kipande kilichopo ndani ya kamera nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, kazi iliyokuwa inafanywa na filamu. Fulu fremu maana yake sensa ina ukubwa ule ule wa filamu tuliyokuwa tunaipeleka studio kusafishwa, milimita 36 kwa 24. Kropu ni ndogo, na hiyo ya kwako ya Canon ni 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha unapata 864 kwa 332, kwa hiyo fulu fremu ni kubwa mara mbili na nusu hivi. Ukipiga kwa tundu lile lile (pale mwanga unapopitia kwenye lenzi) na spidi ile ile (muda mwanga unaoruhusiwa kuingia) inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla na chenga zinapungua, hapo huyo kaka hajadanganya. Ila kusema haina chenga kabisa, hapo ameongeza nazi.

Sasa angalia lenzi yako. Pale mbele imeandikwa 3.5-5.6, maana yake ukiivuta mpaka mwisho kwenye 55 ili upate uso wa bibi harusi, tundu lake linabaki f/5.6 na haliwezi kufunguka zaidi ya hapo hata uifanyie dua. Namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu linakuwa kubwa, najua inachanganya, zoea tu. Canon wana lenzi ndogo ya 50 yenye f/1.8, nyepesi kama andazi, na ndo lenzi ambayo wapiga picha wengi wananunua ya kwanza baada ya ile ya kwenye boksi. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Mara kumi mwanangu! Bodi mpya inakupa mbili na nusu, lenzi inakupa kumi, na lenzi ni bei ndogo sana ukilinganisha na bodi. Pale ulipokuwa unalazimika kuweka ISO 6400 (ISO ni namba ya kuikuzia sensa mwanga, ikipanda na chenga zinapanda) utashuka mpaka kama 640 kwa spidi ile ile, na 700D kwenye 640 haina chenga za kumkera mteja. Giza lako linaanzia mlangoni, we unataka kubomoa ukuta wa chumbani.

Alafu kuna kitu naona huyo kaka hajakwambia. Hiyo 18-55 yako ni EF-S, imetengenezwa kwa kropu, kwenye 6D haiingii, sio kwamba inaingia na picha inakuwa mbaya, haiingii kabisa. Betri zako za 700D nazo hazikubali kule. Na 6D haina ile flashi ndogo ya kujitokeza juu. Kwa hiyo ungetoa hela yote ukapata kitu kama nyumba iliyopauliwa isiyo na milango wala madirisha, na shughuli ni Jumamosi.

Ila na hiyo 50 nisikusifie tu, ina visa vyake. Kwenye kropu ya Canon inaona kama inavyoona 80 kwenye fulu fremu, maana unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo ukumbini itakuwa tamu lakini kwenye vyumba vyetu vya Ngamiani utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati na bado mama mkwe hajaingia kwenye picha. Hapo rudisha 18-55, weka 18, na utumie flashi ya juu, ya kununua pembeni, sio ile ya kamera. Kichwa chake ukigeuze kiangalie dari, mwanga upige dari urudi taratibu, uso wa mtu unatoka laini kama kakaa dirishani. Angalia dari iwe nyeupe lakini. Niliwahi kupiga kwenye nyumba ya dari ya kijani, familia nzima ikatoka kama ina safura, na hela ya pili sikulipwa. Na kwenye turubai usijisumbue kuangalia juu, mwanga unakwenda zake.

Kisa kingine, ukiifungua 50 mpaka 1.8 eneo lililo kwenye fokasi linakuwa jembamba sana. Bibi harusi peke yake sawa, fokasi iwe kwenye jicho. Akikaa na mama yake mmoja akitangulia mbele kidogo, mwingine anapotea. Ziba kidogo, nenda f/2.8 au hata f/4, ISO ipande, chenga kidogo zina nafuu kuliko mama wa bibi harusi kufifia, hutasameheka.

6D sijasema ni mbaya, mi naipenda, ile nukta yake ya katikati inashika fokasi kwenye giza ambalo we mwenyewe unapapasa. Nunua 50 na flashi kwanza, fanya shughuli kama kumi, ukiona bado ukumbi unakushinda ndo uje kwenye bodi, maana hiyo 50 sio EF-S, inahamia 6D vizuri tu na kule itakuwa 50 kamili, na flashi nayo inahamia. Siku hiyo ukifika uliza imeshapigwa picha ngapi, shata ya 6D (kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila ukipiga) Canon waliipimia picha 100,000, ukikuta imeshafika huko kaka apunguze bei au abaki nayo.

Na picha za singo, mwanangu, hizo memori kadi zilale kwako, hata fundi kompyuta usimwachie. Kazi yako imesimama kwa sababu akina mama wanakuamini.

*Mjomba mambo vipi. Mi ni Coastal Union damu, napiga picha mechi pale Mkwakwani, na asubuhi maji yakikupwa napiga ndege Raskazone. Nina Nikon D5300 na lenzi ya 70-300. Jamaa zangu wananicheka eti kropu ni kamera ya wanafunzi, pro wote fulu fremu. Nikihamia nitapata nini? – Mgosi wa Mkwakwani*

Poa mgosi. Utapata wachezaji wadogo.

Sikutanii. Chukua khanga, itandaze kitandani. Una pindo kuzunguka pande zote, una mji katikati, una jina lake. Fulu fremu inaona khanga nzima na pindo lake. Kropu inaona mji tu na jina labda nusu. Lenzi ni ile ile, umesimama pale pale, khanga haijasogea hata unyayo, isipokuwa kropu imekata pindo, na picha zote mbili ukizichapisha saizi moja, ule mji wa kropu unajaza karatasi nzima na unaonekana umevutwa karibu. Kwa Nikon unazidisha kwa 1.5, kwa hiyo 300 yako inabana kama 450. Kwa mtu anayekaa jukwaani anatafuta mfungaji goli la upande wa pili, au yange aliyeko mbali kwenye tope, pindo la nini?

Najua watakwambia piga na fulu fremu alafu kata kwenye kompyuta, ni kitu kimoja. Sawa, twende na hesabu yao. Nikon D750 ni fulu fremu ya megapikseli 24. Ukiikata ifanane na unachokiona kwenye D5300 unabakiwa na kama 10. D5300 yako inazo 24 zote pale pale kwenye mji wa khanga. Kupata 450 ya kweli kwenye fulu fremu unahitaji lenzi ambayo bei yake ni kiwanja, na uzito wake utamtafuta mtu wa kukubebea.

Kuhusu mapro, waambie hivi. Nikon D1 ilitoka 1999, megapikseli 2.7 tu, kropu, na waandishi wa magazeti waliibeba mechini na kwenye vita. Nikon hawakutoa fulu fremu ya dijitali mpaka D3 mwaka 2007. Yaani miaka minane mapro wote wa Nikon waliokuwa dijitali walikuwa wanafunzi. Na 2016 wakatoa tena D500, kropu, kwa ajili ya watu wa michezo na wanyama hasa.

Pale unapoumia kweli ni kipindi cha pili. Mechi ya saa kumi alasiri, ikifika saa kumi na mbili kasoro jua limelala nyuma ya jukwaa, lenzi yako kwenye 300 tundu lake dogo, na mpira unataka spidi ya 1/1000 ya sekunde au ukibana sana 1/500, kwa hiyo ISO inaruka na chenga zinaingia. Hapo fulu fremu ingekupa nafuu ya stopu moja na kitu, yaani mwanga mara mbili na zaidi kidogo. Nafuu ipo, siikatai. Ila mi ningekuwa we ningemaliza kazi zangu ngumu kipindi cha kwanza, alafu cha pili nigeukie mashabiki, maana sura za watu wa Coastal dakika ya 80 zina habari kuliko mpira wenyewe. Matokeo tusiyazungumze hapa.

La mwisho kwako, D5300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukikuta mtu anauza lenzi ya Nikon ya zamani bei chee, angalia imeandikwa AF-S, yaani mota iko ndani ya lenzi yenyewe. Ikiwa ni AF peke yake utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono na winga ameshapita. Hizo 70-300 ziko za aina kadhaa na zinafanana sana, wauzaji wengine wenyewe hawajui, wengine wanajua.

*Mjomba, mi mwalimu niko Pongwe, sitaki biashara, nataka kamera ya kawaida tu, watoto wangu, wanafunzi, safari za Amboni na Lushoto, nichapishe chache niweke ukutani. Ipi?*

Kropu, mwalimu, na usilale unawaza. Karatasi ya A4 ikichapishwa vizuri kabisa haihitaji hata megapikseli 9, na kropu nyingi za kuanzia 2012 hivi zinakupa 16 mpaka 24. Uzito nao. Sony a6000, kropu ya 2014, ina gramu 344, hiyo utaipandisha Lushoto mfukoni mwa koti. Kamera nzito mwisho wake inabaki kabatini na watoto wanapigwa kwa simu.

Amboni ndani ya mapango kila mtu anadhani atahitaji kamera kubwa kwa sababu ya giza. Mapango hayakimbii. Chukua stendi ya miguu mitatu, ISO 100, acha shata wazi sekunde 10 au 20, mwambie mtu apitishe tochi taratibu ukutani asisimame sehemu moja, utapata picha ambayo mwenye fulu fremu anayeshika mkononi ataiota. Ila uwashike wanafunzi wasipite mbele.

*Kijana, salaam. Nilikuwa na studio miaka ya sabini na themanini, sasa nimepumzika Chumbageni. Zimebaki lenzi zangu tano za Nikon na mikanda ya filamu makopo mengi. Mjukuu ana Nikon ndogo ya kropu, tumejaribu lenzi zangu, picha zinatoka zimebanwa na kamera haipimi mwanga. Anasema nizitupe. Je, ndio mwisho wake? – Mzee wa Chumbageni*

Shikamoo mzee wangu. Asizitupe hata moja, na mjukuu tutazungumza naye.

Mzee, wewe ndiye mtu pekee kwenye barua za safari hii ambaye namwambia moja kwa moja nunua fulu fremu. Binti wa Ngamiani hana lenzi ya fulu fremu, wewe unazo tano, na zote zilitengenezwa kwa ajili ya kipimo kile kile cha 36 kwa 24, kipimo ambacho Leica walianza kukiuza Ujerumani mwaka 1925 na kikatawala dunia mpaka leo. Ukiweka 28 yako kwenye kamera ya mjukuu inakuwa kama 42, ndo maana picha imebanwa, ule upana wote uliolipia enzi hizo umekatwa. Kwenye fulu fremu 28 inarudi kuwa 28. Ukiipeleka Tongoni, ukisimama kati ya yale makaburi na msikiti, utaona tofauti kabla hujabonyeza.

Kupima mwanga, kamera ndogo za Nikon hazipimi na lenzi za zamani, sio ubovu, walitoa kile kidude cha kuunganisha ili kupunguza gharama. Bodi kama D610 au D750 wanacho. Unaingia kwenye menyu unaiambia hii ni 28 na tundu lake kubwa ni f/2.8, basi inapima. Fokasi utazungusha mwenyewe, na wewe ulizungusha maisha yako yote, chini ndani ya kioo kuna kinukta kinawaka ikishakaa sawa.

Tahadhari moja kubwa. Lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazikubadilishwa zinaweza kuvunja kile kidude cha D750 wakati wa kuzifunga. Geuza lenzi, angalia ile pete ya namba za f upande wa kuelekea kamera. Ukiona namba zimeandikwa mistari miwili, mmoja mkubwa na mwingine mdogo sana karibu na ukingo, hiyo imebadilishwa, ni salama. Ukiona mstari mmoja tu usiifunge. Cha kuchekesha ni kwamba hiyo hiyo kwenye kamera ndogo ya mjukuu inaingia bila matata, kwa sababu hakuna cha kuvunjika.

Alafu zielekeze juani moja moja uchungulie ndani kutokea nyuma. Pwani yetu hii ya chumvi na joto, lenzi iliyolala sandukuni miaka inaota kuvu, utaona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Kidogo sio msiba, picha bado inatoka, lakini usiiweke pamoja na zilizo safi. Zikae kwenye boksi linalofunga vizuri na vile vipakti vya kunyonya unyevu, ile mikoba ya ngozi ya zamani ndo nyumba ya kuvu yenyewe.

Sasa hayo makopo ya filamu, hapo ndo moyo umenidunda. Tanga ya miaka ya sabini imo humo, harusi, mkonge, watu waliokwenda zao. Kama kwenye hizo tano kuna ile 55 ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), mzee, usisubiri hata fulu fremu. Lenzi hiyo peke yake inafika nusu ya ukubwa halisi, kwa hiyo picha ya filamu ya milimita 36 inatua kwenye sensa ikiwa 18. Kwenye fulu fremu hiyo ingejaza nusu tu ya upana, ungehitaji bomba la kuongezea. Kwenye kropu ya mjukuu sensa yenyewe ni 23 na kitu, filamu inakaa vizuri na nafasi kidogo pembeni. Kamera ya huyo huyo aliyesema lenzi zitupwe ndiyo itakayozisoma picha zako. Filamu iwekwe juu ya kioo cheupe chenye taa chini yake, kamera iangalie chini kwenye stendi, iwekwe M (mnapanga kila kitu wenyewe), mjaribu spidi mbili tatu mpaka mpate, mkishapata haibadiliki sana mpaka mwisho wa mkanda. Mjukuu ageuze rangi kwenye kompyuta, wewe ukae pembeni umtajie nani ni nani ayaandike majina.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nina safari ya Chumbageni. Nitakuja na kioo cha taa, kahawa juu yangu.